Maandalizi ya Jumapili ya Matawi

SWALI: Shikamoo Mama Mwinjilisti. Mimi ni mzee wa kanisa, Moshi vijijini. Jumapili ijayo ni ya Matawi, na kila mwaka maandamano huanza nusu ya washarika hawajafika. Tuwaandaeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzeni kwenye jumuiya katikati ya wiki. Someni Mathayo 21:1-11, kisha Zekaria 9:9, watu waone kwa nini Mfalme alikuja juu ya punda. Aliyeusoma ujumbe nyumbani huandamana akijua anamwimbia nani, naye hachelewi ovyo.

Matawi yakusanywe na watoto wa shule ya Jumapili Jumamosi jioni, mashina yakae ndani ya ndoo ya maji yasinyauke. Yohana anataja mitende. Kwenu ukindu unafaa kabisa. Kwaya ifanye mazoezi barabarani, ikitembea, maana pale mlimani pumzi hukatika kabla ya ubeti wa pili.

Tangazeni mahali pa kukutania, si saa peke yake. Na wazee wasioweza kutembea, tafadhali, wawekeeni viti langoni pamoja na matawi yao. Mpangieni kijana mmoja kazi hiyo, kwa jina, mapema.