Andikeni Nyimbo Zenu Wakati Wenye Kuzijua Bado Wapo

Mwalimu wetu wa kwaya alipofariki, tulimwimbia kanisani na kaburini, tukachanga, tukaifariji familia. Hakuna aliyekumbuka kuuliza daftari lake liko wapi. Miezi michache baadaye tulialikwa arusini Buruburu, tukachagua wimbo wa mavuno wa Kitaita ambao yeye mwenyewe aliupangia sauti nne. Soprano walianza vizuri, alto wakaitikia. Ubeti wa pili sisi wa tena, sauti ya juu ya wanaume (tenor), tukagawanyika, nusu tunapanda, nusu tunashuka, na kila mmoja ana hakika hivyo ndivyo alivyofundishwa. Wimbo tuliouimba kwa zaidi ya miaka 10 ulitufia mdomoni mbele ya maharusi.

Tangu siku hiyo mimi ndiye mtunza nyimbo. Kama mna kwaya mtaani kwenu, Jericho, Kangemi au popote, nawasihi muanze na nyimbo ambazo haziko kwingine kokote. Haleluya ya Handel iko salama, imekaa kwenye karatasi tangu 1741. Kilicho hatarini ni kile alichokipanga mwalimu wenu kwa wanakwaya wake 20, akijua fulani hafiki juu na fulani ana besi nzito.

Sisi tulimkalisha mama mmoja wa alto baada ya mazoezi ya Jumamosi, simu ikirekodi. Alipoombwa aimbe sauti yake peke yake alikwama, kwa kuwa maisha yake yote ameiimba akisikia soprano pembeni. Basi dada mmoja akamshikia soprano kwa sauti ya chini, na alto ikatoka yote, hadi pale pa kuvuta pumzi.

Kuandika, solfa, yaani nota kwa herufi kama d, r, m, inatosha. John Curwen aliikuza Uingereza karne ya 19, wamisionari wakaileta, na wengi wetu tumeimba kwayo tangu shuleni. Ila iangalieni kwa makini. Kuna kialama kidogo kama mkato kinachokaa chini ya herufi kuonyesha kwamba nota ni ya chini. Fotokopi yetu moja ilikimeza kile cha kwenye «s», na besi wakajikuta wanapaza sol ya juu, mishipa ya shingo imewatoka. Siku hizi naviandika vialama hivyo kwa kalamu nyekundu. Juu ya ukurasa naweka Doh, nota ya kwanza ya ngazi, ni ipi, mwendo, lugha, maana ya maneno, na jina la aliyetupa wimbo.

Jina hilo msilidharau. Wimbo wa taifa letu la Kenya, uliotayarishwa na tume ya wanamuziki watano mwaka 1963, umetokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, na Mzee Meza Moroa Galana anatambuliwa kuwa ndiye aliyeutoa. Ninaumia sana ninapoona nyimbo za Kikatoliki kutoka Tanzania, zinazoimbwa Nairobi kila Jumapili, zikizunguka kwenye karatasi ambazo jina la mtunzi limekatwa pembeni. Mtu amekesha na wimbo, halafu anaitwa «haijulikani».

Msiogope pia kwamba wimbo ukiandikwa utakauka. Missa Luba, misa ya Kilatini inayoimbwa kwa mitindo ya Kikongo, ilianzia Kamina, Kongo, kwa waimbaji waliobuni sehemu kubwa papo hapo wakiwa na padre Guido Haazen, na ikarekodiwa 1958. Baadaye Muungano National Choir ya hapa Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikairekodi upya, na ukiisikiliza ina uhai wake yenyewe. Bila karatasi, wangeanzia wapi?

Kabati letu sasa lina nyimbo 43, kila moja na nakala kwenye simu za watu watatu. Huo wa Kitaita ni namba 7. Soprano, alto na besi zimekamilika. Mstari wa tena una nafasi tupu kuanzia ubeti wa pili, nimeiacha makusudi, sikutaka kuijaza kwa kubahatisha. Mzee mmoja aliyeimba sauti ya tena nasi zamani anaishi Voi, na kwenye simu ameniambia anaukumbuka wote. Desemba nitapanda treni nimfuate, na penseli mbili.