Kabla hujakataa elektroni, uliza uvimbe umezama kiasi gani

Wiki hii dada mmoja ameniandikia. Ana saratani ya ngozi ya seli za basali pembeni mwa pua, na hospitali imempangia elektroni, aina mojawapo ya tiba ya mionzi. Ndugu zake wanamwambia hiyo ni tiba ya kizamani, akatafute brakitherapi, yaani mionzi inayowekwa karibu kabisa na uvimbe. Anauliza: nikatae?

Dada yangu, nilikalia kiti hichohicho miaka sita iliyopita. Kidonda changu nilikiita chunusi mwaka mzima. Majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa yalipotoka, daktari wa upasuaji hakunificha: kisu ndicho kinachoongoza kwa kuponya. Utafiti wa Wafaransa uliochapishwa mwaka 1997 ulilinganisha upasuaji na mionzi kwa saratani hii ya usoni. Baada ya miaka minne, tiba ilikuwa imeshindwa kwa 0.7% ya waliopasuliwa na 7.5% ya waliopigwa mionzi. Lakini kwangu kisu kingeondoka na ukingo wa tundu la pua. Nilitaka kupona, na nilitaka kubaki na uso wangu. Najua nawe unavitaka vyote viwili, wala usione haya.

Hospitali ya kwanza ya mionzi ilinipangia vikao vitano vya dozi kubwa, jumla grei 35 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Nikauliza kwa nini vitano, na kama ipo njia nyingine. Nikajibiwa, "Mionzi ni mionzi tu, mama." Niliondoka pale nikilia, na neno hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu si kweli.

Hospitali ya pili mtaalamu wa fizikia alinikalisha na kunichorea. Eksirei za nguvu ndogo, alisema, humwaga dozi yake kubwa palepale juu ya ngozi, kisha hufifia upesi. Kingo zake zimekatwa vizuri, kwa hiyo zinafaa karibu na jicho. Ila mfupa ukiwa chini yake, unafyonza zaidi. Elektroni zinatoka kwenye mashine kubwa. Unachagua nishati, zinafika kina unachotaka, halafu zinakoma. Shida yake ni kwamba za nishati ndogo huipunja ngozi ya juu kabisa, ndiyo maana hufunikwa kwa bolasi, tabaka la nta au kitu kama nyama, ili dozi ipande juu. Kingo zake pia hufifia taratibu, hivyo eneo linalopigwa huwa pana kidogo. Brakitherapi hutumia punje ya iridi 192, metali inayotoa mionzi, inayopitishwa kwenye mirija iliyolazwa juu ya kinyago kilichofinyangwa kufuata uso wako. Kwenye mikunjo ni nzuri sana, ila vifaa vya juu ya ngozi kwa kawaida ni vya uvimbe usiozidi kina cha milimita 5 hivi.

Uvimbe wangu ulikuwa umepita hapo. Nikapigwa elektroni, vikao 20, jumla grei 55. Tunduni mlitiwa kizibo cha madini ya risasi kilichopakwa nta, kukinga ukuta wa kati wa pua. Pua iliungua, ikatoa maji, ikafanya ukoko, nami wiki kadhaa sikutaka kuonwa na mtu. Kisha ngozi ikafunga. Leo pana doa jeupe na vimishipa vyekundu, na pua yangu ni nzima. Najivunia, na nina haki.

Kwa hiyo acheni kushindana kwa majina ya mashine! Tuulize kina. Tuulize mfupa au gegedu iko wapi. Tuulize idadi ya vikao, kwa sababu dozi ndogondogo za siku nyingi kwa kawaida huacha ngozi nzuri zaidi miaka ikipita. Vikao vichache vikubwa mara nyingi huwafaa wazee wanaochoshwa na safari. Na kama saratani hizi zimekutoka nyingi tangu ujana, au ziko kwenye ukoo wenu, sema kabla ya mashine kuwashwa, kwani wenye ugonjwa wa kurithi wa Gorlin hushauriwa wasipigwe mionzi.

Dada, waulize uvimbe una milimita ngapi kwenda ndani, kama bolasi itawekwa, na kama tunduni mtatiwa risasi. Wakikuonyesha kina kwenye karatasi na kukujibu ndiyo kwa hayo mawili, kubali elektroni. Vikao vianze wiki hiihii.