Uganda inatushinda mafuta mara ngapi? Nilibeba ya Turkana, wacha nikwambie

Ndugu, umeuliza Uganda inatushinda sisi Kenya kwa mafuta mara ngapi, na kuna jamaa kakujibu mara 11 ati kwa sababu wao wana mapipa bilioni 6.5 na Turkana ni milioni 560. Hapana jamani, hiyo hesabu si sawa. Ile 6.5 ni mafuta yote yaliyolala chini kule Ziwa Albert, na 560 ni yale tu yanayoweza kuvutwa yakatoka. Ukitaka haki pima chini kwa chini, Uganda bilioni 6.5 na Lokichar, ndo visima vyetu vya Turkana, kama bilioni 2.85 kwa makadirio ya 2021. Ama pima ya kuvutwa kwa ya kuvutwa, wao bilioni 1.4 sisi milioni 585 kwa makadirio hayohayo ya 2021, ile 560 ni ya zamani. Yani mara mbili na kitu, basi, na si wao si sisi hakuna anayetoa hata robo ya alichonacho, mwamba hauachilii yote.

Lakini mimi ni dereva, na nilichojifunza si hizo namba. 2018 na 2019 nilikua kwa ile kazi ya kutoa mafuta ghafi Lokichar mpaka rifainari ya zamani pale Changamwe, Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000. Yale mafuta yana nta, yakipoa yanaganda kama samli, kwa hivyo unapakiwa yakiwa moto kwa tenki lenye koti la kushika joto na ukichelewa njiani roho haitulii kabisa. Halafu mwezi wa kwanza tu, Juni 2018, wenyeji wakafunga barabara, wezi wa mifugo wanawamaliza na faida ya mafuta hawaioni, kazi ikasimama mpaka Agosti. Mzee mmoja pale aliniuliza, "Mwanangu, hiki unachobeba kitaturudia kama nini?" Nilinyamaza. Sheria ya kuwapa wenyeji asilimia 5 ya fungu la serikali la mafuta ilikuja 2019, na mimi naona walikua na haki ya kuuliza.

Sasa sikiza hapa. Meli ya kwanza iliondoka Mombasa Agosti 2019 na mapipa zaidi ya 200,000, na kuyakusanya kwa malori ilituchukua zaidi ya mwaka, usiku na mchana, mteremko na vumbi. Bomba la Uganda, toka Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, limepangiwa kupitisha 216,000 kwa SIKU MOJA. Mafuta yao nayo yana nta vilevile, ndo maana bomba linapashwa moto kwa umeme njia nzima, juu ya digrii 50.

Na lile bomba lilikua lipite kwetu, likapita Lokichar likachukua na yetu mpaka Lamu, 2016 Uganda wakachagua Tanga. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu milioni 585 peke yake ni ngumu kulipia bomba lake, ila ukiichanganya na ya jirani ingelipika. 2023 wawekezaji wawili wa visima vya Turkana wakajitoa, 2025 Tullow, kampuni iliyobaki navyo, naye akauza.

Siku hizi napakia dizeli Eldoret naenda Kampala. Nasikia wenye visima wapya wanapanga kuanza na malori tena, na wakiniita nitarudi, ile barabara ya Kainuk mpaka Kitale naijua shimo kwa shimo.