Oili Chafu ya Gereji Ni Mzigo wa Nani?

SWALI: Mhariri, nina gereji ya pikipiki na jenereta hapa Mwanga, Kigoma. Oili chafu ninayoitoa kwenye injini naihifadhi kwenye madumu, ingawa vijana wangu walizoea kuitupa mtaroni. Nimesikia kwamba katika nchi nyingine anayeuza oili mpya hulazimishwa kuikusanya ikishachafuka. Je, kwetu mzigo huo ni wa nani?
Fundi, Mwanga

JIBU: Ndugu Fundi, mzigo wa kwanza ni wako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua msingi kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na oili iliyotumika ni taka hatarishi, ambayo ukusanyaji na usafirishaji wake unaongozwa na kanuni maalumu na kuhitaji kibali. Mwenye mkokoteni anayenunua madumu yako bila kibali hakuondolei wajibu, hata akikulipa vizuri.

Ulilolisikia ni kweli. Nchini India, tangu tarehe 1 Aprili 2024, wazalishaji na waagizaji wa oili wanatakiwa kuhakikisha kwamba sehemu ya kile wanachouza inarejelezwa, wakianzia asilimia 5 na kupanda hadi asilimia 50, na wanathibitisha hilo kwa hati wanazozipata kwenye viwanda vya urejelezaji vilivyosajiliwa. Usidhani, hata hivyo, kwamba mwenye kiwanda hutoa fedha hizo mfukoni mwake. Kwa kawaida huziingiza kwenye bei ya kopo jipya, na anayelipa hatimaye ni mwenye pikipiki. Mimi naona hilo ni haki, kwa sababu gharama inalipwa oili inaponunuliwa, badala ya kumsubiri fundi aliyebaki na dumu asilojua alipeleke wapi.

Tatizo la utaratibu huo kwa mji kama Kigoma ni umbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na oili yetu ni kidogo iliyotawanyika katika gereji nyingi, kwa hiyo mwagizaji akiruhusiwa kutimiza lengo lake popote nchini atakusanya kule kwenye magari mengi na kutuachia ya kwetu. Kanuni yoyote ya namna hiyo ingefaa iweke lengo la kila mkoa, au ilipie zaidi lita inayotoka mbali. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, na maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka. Kinachoteremka na mtaro hadi ziwani hakina haraka ya kuondoka.

Kwa sasa, tenga pipa lenye kifuniko, liweke juu ya sakafu ya saruji chini ya paa, na usichanganye oili hiyo na petroli, maji wala oili ya breki, kwa maana mchanganyiko huo ndio unaowafanya wakusanyaji waikatae. Filta itoboe ingali na joto na uiache ichuruzike usiku kucha. Kisha shirikiana na mafundi wa injini za boti wa Kibirizi, kwa kuwa mkusanyaji mwenye kibali hatakuja kwa ajili ya madumu mawili, na mwombeni afisa mazingira wa manispaa awaunganishe naye.

SWALI: Naweza kuendelea kupaka oili chafu kwenye nguzo ili kuzuia mchwa?
Seremala, Ujiji

JIBU: Hapana. Oili iliyotoka kwenye injini hubeba chembe za metali na masizi yenye kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na mvua huiosha ikaingia udongoni. Dawa ya mbao inayouzwa madukani ni ghali kidogo, lakini ndiyo inayofaa kuliko oili chafu, ambayo ni hatari hasa kwenye banda la mbuzi, kwa kuwa mbuzi hulamba kila nguzo wanayoifikia.