Kabla ya Kupanda Chunya na Baiskeli, Hesabu Meno ya Gia

Msomaji wa Morogoro ameniandikia. Ana baiskeli ya mbio ya mtumba: krenki (gia za mbele, penye pedali) ina meno 53 na 39, na gia kubwa ya nyuma ina meno 25. Likizo ya Agosti anataka apande Kitonga, barabara ya Chunya na ile ya Kyela hadi Tukuyu. Akijaliwa, mwakani aende kupanda njia ya milimani ya Stelvio, Italia. Anauliza miguu aifanyishe mazoezi gani.

Ndugu yangu, miguu iache kwanza. Shida yako ipo kwenye meno.

Chukua mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 za njia unapanda mita 8. Huo ndio wastani wa mpando wa Alpe d'Huez kule Ufaransa, kwa kilomita 13.8. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida hapo anakwenda kilomita 9 hivi kwa saa. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, mwendo huo unampa mizunguko isiyofika 50 ya pedali kwa dakika. Kila mzunguko anausukuma kwa nguvu zote, na magoti ndiyo yanayolipa. Akiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mwendo ni uleule lakini miguu inazunguka karibu mara 70. Wapo wanaoona gia nyepesi ni ya wanawake na wazee. Waulize wamefika wapi.

Sasa, krenki ya 39 kwa kawaida ina matundu ya bolti yaliyo kwenye duara la milimita 130, na duara hilo halipokei gia ndogo kuliko meno 38. Usimruhusu fundi alazimishe. Tafuta krenki nzima ya 50 na 34. Nyuma, mkono wa gia (ule unaohamisha na kukaza cheni) ulio mfupi, wa baiskeli za zamani, hauwezi kubeba meno 32. Unahitaji mkono mrefu. Cheni nayo lazima iongezwe. Izungushe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, vuta hadi inyooke, halafu ongeza pingili mbili. Cheni ikiwa fupi, siku utakayosahau na kuweka kubwa kwa kubwa, mkono wa gia utang'olewa. Mwisho kaza ile skrubu ndogo yenye alama ya L mpaka cheni ipande gia kubwa bila kuruka upande wa spoku. Ikiruka katikati ya mlima, spoku zinakatika na safari yako imeishia hapo.

Njia zenyewe. Kitonga ina jina, lakini simshauri mtu aende huko kwa starehe. Ni barabara kuu ya kwenda Zambia, malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mabasi yanayapita, na kando ni korongo. Ukishikilia kwenda, lala Ruaha Mbuyuni na uanze kunapopambazuka, kabla joto la bondeni halijawaka, ukiwa na taa nyekundu nyuma. Usidandie lori. Likisimama ghafla au likianza kurudi nyuma, huna pa kukimbilia.

Barabara ya Chunya ndiyo mlima wenyewe. Mbeya tayari uko kama mita 1,700, na lami inaanza kupanda karibu mara tu unapotoka mjini kuelekea msitu wa Kawetire. Kwa anayetoka mabondeni, siku mbili za kwanza apande polepole, kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Baada ya kama kilomita 20 unaliona bonde la Usangu chini yako. Juu kuna baridi na ukungu, na hapo wengi hukosea: wanageuka kushuka na jasho mwilini. Weka gazeti kifuani chini ya jezi, vaa koti la kuzuia upepo, ndipo ushuke.

Njia ya Kyela, ukipita Tukuyu hadi Isyonje, ni ndefu kuliko kali. Unatoka karibu na Ziwa Nyasa, chini ya mita 600, hadi juu ya mita 2,000, na Stelvio kutoka kijiji cha Prato inakupandisha kiasi kinachokaribiana na hicho kwa kilomita 24.3 tu. Njia ya Chimala kwenda Matamba ina kona hamsini na saba, wakati Stelvio upande huo ina 48. Hiyo ya Matamba usiijaribu na tairi nyembamba. Weka za milimita 35 au zaidi, na uwaulize madereva wa Chimala hali ya njia.

Kushuka kunaumiza watu kuliko kupanda. Breki za kubana rimu zikishikwa muda mrefu, rimu inachemka na tyubu inapasuka. Bana kwa nguvu, kwa muda mfupi, kabla ya kona, achia ndani ya kona, mbele na nyuma kwa pamoja. Raba za breki zikibaki nyembamba, badilisha Mbeya mjini, usingoje Tukuyu, maana huko mvua haina msimu na raba zinaisha haraka kwenye lami yenye maji.

Chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ambazo ni kama ndizi mbivu mbili, anza kabla hujasikia njaa. Maji nusu lita hadi lita moja kwa saa, chupa moja ikiwa na ORS.

Kwenye buti la basi, toa tairi la mbele na pedali (ya kushoto hufunguka kinyume), weka kipande cha mti kati ya miguu ya foki isikunjwe, na upande wa cheni uelekee juu. Nauli ya baiskeli mkubaliane na kondakta kabla haijapakiwa.