Sakafu ya sungura: kabla ya ulaini, angalia mkojo unakwenda wapi

Dada wa Nyegezi uliyeuliza kuhusu sungura wa mwanao aliyenyonyoka manyoya kwenye visigino vya miguu ya nyuma, karibu wote waliotangulia wamekwambia umtandikie kitu laini. Hawajakosea, ila wameishia njiani. Mimi nafuga Mabatini, hapa hapa Mwanza, huku juu kwenye mawe, na kwangu swali la kwanza huwa ni mkojo: unapita, unanyonywa, au unabaki pale pale anapokaa?

Sungura hana ile ngozi nene ya nyayo waliyo nayo paka na mbwa. Kinga yake ni manyoya basi. Akiwa kwenye udongo au majani, kucha huzama kidogo na uzito unagawanyika mpaka vidoleni. Kwenye marumaru au sementi kucha hazina pa kuzama, vidole vinainuka na mzigo wote unarudi kisiginoni. Manyoya yanalika, ngozi inabaki wazi, na ikilowa kwa mkojo inalainika, inachubuka, bakteria wanapata mlango. Ndiyo maana sungura wa kwenye ubao mkavu anaweza kuwa mzima, na mwenzake akaoza miguu juu ya blanketi zuri lililolowa.

Umesema banda lina wavu chini. Wavu unapitisha mkojo, wafugaji wa nyama wanaupendea hilo, lakini waya mwembamba unakata. Huna haja ya kuubomoa. Weka ubao wa kupumzikia, ufunike kama nusu ya sakafu. Uwe hauna rangi wala dawa, kwa sababu atauguguna tu. Zile mbao za kijani za kupigia kenchi zimetiwa dawa, ziache huko huko darini. Tafuta mbao mbili za kupokezana, moja ikitumika nyingine iko juani. Maboksi nayo yanafaa kwa muda, ila yakilowa yatupe siku hiyo hiyo.

Juu ya ubao, mimi natandika majani makavu ya mpunga, na huku Kanda ya Ziwa hayo hatuna shida nayo. Ukifika Magu au Misungwi baada ya mavuno utayakuta mashambani. Yananyonya, ni laini, na akiyatafuna hayamdhuru, mradi hayana ukungu. Maganda ya mpunga ni habari nyingine. Watu wa kuku wanayasifu, lakini yanachoma na hayanyonyi vizuri. Maranda ya seremala nayatumia yakiwa makubwa, na baada ya kuuliza mbao zenyewe ni zipi. Vumbi la msumeno hapana, litamsumbua puani.

Jamvi la mafunjo nalipenda kuliko vyote kwa sungura anayekaa ndani ya nyumba. Kucha zinashika, halitelezi, akilitafuna ni majani tu, na likichafuka unalisugua na kulianika juu ya jiwe. Kasoro yake ni masika: hukauka polepole, na jamvi bichi ni balaa kuliko sementi. Wakati huo natumia mablanketi laini ya mtumba ya soko la Mlango Mmoja, yale ambayo mkojo unapita bila kukaa juu, na chini yake magazeti. Kagua nyuzi; akianza kuzivuta na kuzimeza, liondoe, zitamziba tumbo. Mkeka wa plastiki wa sebuleni usijaribu, unateleza kama sabuni na ataula kuanzia pembeni.

Joto likizidi, hasa kama banda lina bati juu, muachie kona moja ya sementi tupu. Atajinyoosha hapo kujipoza, na akilala ubavu visigino havibebi kitu.

Kuhusu mkojo wenyewe, mwangalie anakojolea kona gani, maana mara nyingi huchagua moja na kurudia hapo hapo. Weka beseni fupi lenye majani makavu kwenye kona hiyo. Kazi ya usafi itapungua kuliko unavyofikiri.

Hujasema ni wa aina gani. New Zealand White hufika kilo 4 hadi 5, na Rex ana manyoya mafupi. Hawa wawili huumia mapema. Mwenye kitambi pia. Kucha ndefu nazo zinasukuma uzito nyuma, kwa hiyo zikate ncha, ukikwepa mshipa wa damu unaoonekana ndani.

Kwa uliyoyaeleza, ngozi nyekundu bila kidonda, badilisha sakafu leo na umgeuze kumkagua kila siku. Kidonda kikifunguka, kikitoa usaha, au akiwa hataki kutembea, hapo sakafu peke yake haitoshi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na yule aliyekushauri umpe unga wa vidonge vya amoksilini, usimsikilize kabisa: dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huua bakteria wema wa tumbo la sungura, akaharisha na kufa, na kidonda cha mguu umekiacha pale pale.