Programu yangu inasema 4,294,967,297 ni namba tasa

Swali: Nimeandika programu ndogo ya kupima namba tasa. Inapandisha 2 kwa kipeo cha n − 1, inagawa kwa n, na baki likiwa 1 inatangaza kuwa n ni tasa. Kwa 4,294,967,297 imetangaza tasa, lakini kikokotoo kinaonyesha inagawanyika kwa 641 bila baki. Nimekosea wapi?

Jibu: Kodi yako inafanya ulichoiagiza, na kikokotoo hakikudanganyi: 641 × 6,700,417 ndiyo namba hiyo, na vigawo vyote viwili ni tasa. Kilichokuponza ni ile 2.

Namba yako ni 2³² + 1. Kwa hiyo 2³² imepungua 1 tu kuifikia n, na kwenye hesabu za baki tunaihesabu kama −1. Ipandishe kipeo cha pili: 2⁶⁴ inabakiza 1. Sasa tazama kipeo unachotumia wewe. n − 1 ni 2³² yenyewe, na 2³² ni kigawe cha 64. Basi baki litakuwa 1 tu, n iwe tasa isiwe tasa. Umemwita ndugu wa mshtakiwa kutoa ushahidi! Weka 3 mahali pa 2, programu ileile itaikataa.

Usijilaumu sana, maana Fermat mwenyewe, mwanahisabati ambaye kipimo chako kinatokana na kanuni yake, aliamini namba hii ni tasa, kwa kuwa namba tano zinazoitangulia katika mfuatano wake (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha jumlisha 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Mwanahisabati Euler ndiye aliyeibua 641, mwaka 1732. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kikigawanywa kwa 64 kibakize 1, kwa hiyo wa kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Wa tano tu!

Uhakiki unatosha kwenye kipande cha karatasi. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo, tukihesabu baki za kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1; pandisha kipeo cha nne upate 5⁴ × 2²⁸ = 1. Lakini 641 ni 5⁴ + 2⁴ pia, yaani 5⁴ ni sawa na −2⁴. Iingize: −2³² = 1, na 2³² + 1 haina baki.

Kuhusu programu, hamia kipimo cha Miller-Rabin, ambacho ni kikali zaidi ya hiki chako, ila si kwa 2 peke yake, kwani hata hicho kitaipitisha namba hii. Mashahidi (namba zinazowekwa mahali pa ile 2) 2, 3, 5, 7 na 11 kwa pamoja wanatosha kwa namba yoyote iliyo chini ya 2,152,302,898,747.

Naona pia unatumia lugha ya programu isiyo na ukomo wa tarakimu. Kwenye namba za biti 64, 2³² × 2³² ingefurika ikawa 0, na programu ingekupa jibu sahihi kwa bahati tu.